Andika Thackray, Vitanda Vyote

Ijumaa jioni, kabla hajashusha hata mkoba mgongoni, Rowena Thackray aliingia jikoni mwa Keldbeck, hosteli ya wapanda milima, akatazama ratiba.

Ilikuwa pale pale inapobandikwa miaka yote, kwenye mlango wa jokofu, imeshikiliwa na sumaku zenye umbo la kondoo. Kumenya viazi. Kukata vitunguu. Vyombo vya Ijumaa, vyombo vya Jumamosi, vyombo vya Jumapili asubuhi. Kufagia vyumba. Vyoo. Mbele ya kila kazi palikuwa na majina mawili matatu. Akaisoma kutoka juu hadi chini, kisha akapanda nayo kutoka chini hadi juu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Watu ishirini na wawili walikuwa na kazi. Yeye, wa ishirini na tatu, hakuwa nayo.

"Usihangaike, Bibi Ro!" ikasema sauti nyuma yake. Alikuwa Toby Ashworth, mwenyekiti mpya wa kundi lao la matembezi, kijana wa miaka ishirini na minane mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na sauti iliyozoea vikao. "Wikendi hii wewe ni mgeni wa heshima. Huoshi kijiko, humenyi kiazi. Kaa, nyoosha miguu, kula, lala. Umetutumikia vya kutosha."

"Nani anakata vitunguu?"

"Si umeona hapo? Callum na yule mgeni, Saskia."

"Vitunguu ni vyangu."

"Vilikuwa vyako." Toby akacheka, akampigapiga begani kwa upole, kama anavyopigwapigwa farasi aliyestaafu mbio. "Jumapili unatimiza arobaini, mama. Sheria ni sheria. Na nani aliiandika hiyo sheria?"

Kila aliyekuwa jikoni alilijua jibu. Aliiandika Rowena mwenyewe.

Alikuja mji wa Leeds kutoka Hull akiwa na miaka ishirini na saba, na kazi mpya ya kuwapima watu masikio na kuwafungia vifaa vya kusikia. Kutwa nzima aliongea na watu, tena kwa sauti ya kueleweka, akirudia kila neno mara mbili. Jioni alirudi kwenye chumba cha kupanga akakaa hadi asubuhi bila kutamka hata "samahani". Mwezi wa tatu wa maisha hayo aliona tangazo kwenye ubao wa maktaba: Kundi la Vijana Wenye Taaluma, matembezi ya mlimani, wikendi za hosteli, wageni wanakaribishwa. Alilipita tangazo hilo wiki nne. Wiki ya tano alipiga simu, akaomba kwa Mungu wasipokee, wakapokea.

Wikendi yake ya kwanza ilikuwa hapa hapa Keldbeck. Hakumjua mtu. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa kulalia akijiuliza basi la kurudi lilikuwa saa ngapi, na mtu mmoja mrefu wa kutoka Wales, Geraint Pugh, mwalimu wa fizikia, akamtia kisu mkononi bila kumuuliza habari zake. "Vitunguu kilo tatu," akamwambia. "Ukilia hakuna atakayejua sababu." Alikata vitunguu vyote, na alilia kweli, na ilipofika saa ya kula alijua majina ya watu tisa. Tangu siku hiyo aliamini jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwenye hosteli, mwenye kazi ndiye mwenye nafasi. Hakuna anayemuuliza mtu mwenye kisu na ubao wa kukatia amekuja na nani.

Miaka kumi na mitatu hakukosa. Akawa katibu, akawa ndiye anayeandika ratiba, anayejua jiko la kushoto linawaka kwa kiberiti tu na mlango wa chumba namba tano unafungwa kwa goti. Baba yake alipofariki, watu kumi na wawili wa kundi walikwenda Hull wakakaa safu ya nyuma kanisani na makoti yao ya mvua, kwa kuwa wengi hawakuwa na koti jingine jeusi. Mama yake aliwauliza majirani kama hao walikuwa watu wa zimamoto.

Sheria ya umri aliileta akiwa na miaka thelathini. Ilikuwa na sababu wakati huo. Wanaume wawili wa miaka hamsini na kitu walikuwa wanakuja kila mwezi kutafuta wachumba, na wasichana walichoka kukwepa. Rowena akasimama mkutanoni, mara yake ya kwanza kusimama mahali popote, akasema kundi ni la vijana, basi na liwe la vijana: ukitimiza arobaini, wikendi hiyo ndiyo ya mwisho. Walimpigia makofi. Arobaini ilikuwa mbali kama uzee wa watu wengine.

Desturi ya kuaga iliota yenyewe baadaye. Jumapili baada ya chai ya asubuhi, anayeondoka huandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito kwenye kitambaa cha kukaushia vyombo. Kisha kundi lote husimama nje safu mbili kutoka mlangoni hadi kwenye geti, wanainua mikono na kuishikanisha juu, naye hupita chini yake na mkoba wake huku wakiimba. Akishavuka geti harudi ndani. Wenyewe waliiita kupitishwa. Vitambaa vilikuwa vimefika kumi na kimoja. Cha mwisho kilikuwa cha Geraint, miaka mitatu iliyopita, na aliyeimba kwa sauti kuliko wote siku ile alikuwa Rowena.

*

Jumamosi asubuhi, wakati wa uji, walimpa zawadi. Ilikuwa kwenye boksi lenye utepe, na ndani yake kulikuwa na ndala za manyoya za kuvalia nyumbani, rangi ya waridi.

"Za kukaa karibu na moto!" Callum akapaza sauti, na meza nzima ikacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Ndicho kilichomuudhi zaidi. Angekipata cha chuki angejua pa kukishika.

"Asanteni," Rowena akasema. "Naona ni saizi yangu. Mmenipima lini?"

"Meera ndiye aliyetuambia."

Meera Solanki aliinamia bakuli lake. Alikuwa mwanasheria wa mambo ya nyumba, miaka thelathini na minne, na kwa miaka sita alikuwa amelala kitanda cha juu cha Rowena kwenye kila hosteli waliyofikia, akikoroma kama mashine ya kushonea.

"Halafu, Ro," Toby akasema, akiifunga shajara yake ya safari, "leo kupanda Grindle Pike nitaongoza mimi. Mwendo utakuwa wa kasi kidogo. Tukasema bora wewe upumzike. Magoti, unajua."

"Magoti yangu yana nini?"

"Hayana kitu! Nasema tu."

"Nimepanda Grindle Pike mara kumi na tisa, Toby. Mara mbili nikiwa nimekushika mkono wewe."

"Kulikuwa na barafu!" Toby akajitetea, na hapo meza ikamcheka yeye, lakini alikwisha kuinuka, na watu wakaanza kutafuta buti zao.

Rowena alipanda chumbani. Meera alikuwa ameketi sakafuni anafunga kamba, akizivuta kwa nguvu kupita kiasi.

"Usininunie, mpenzi," Meera akasema bila kuinua kichwa. "Ni desturi tu. Utalia kidogo, tutaimba, basi, yameisha."

"Kisha?"

"Kisha nini?"

"Kisha Jumatatu. Ijumaa inayofuata. Kisha nini?"

"Tutakutana tunywe chai. Mimi na wewe si wa kundi tu, bwana."

"Na Geraint umekutana naye kwa chai mara ngapi?"

Meera akavuta tena. Kamba ya buti ikamkatikia mkononi. "Nilimwona mara moja dukani," akasema hatimaye. "Nikajificha nyuma ya rafu ya nafaka. Sikujua nimwambie nini. Ningemwambia nini, Ro? Kwamba juzi tulikuwa Keldbeck?"

"Mimi sikuhitaji hata kujificha," Rowena akasema. "Mimi ndiye niliyelifuta jina lake kwenye orodha. Nilifuta Jumapili ile ile usiku haujaingia, ili nisisahau."

Meera akafungua mkoba wake akatafuta kamba nyingine. Chini Toby alikuwa anahesabu watu kwa sauti. Meera akashuka. Rowena akabaki na ndala za waridi mapajani. Alizitia uvunguni mwa kitanda, akavaa buti zake, akazifunga fundo mara mbili, akashuka jikoni kumenya viazi ambavyo ratiba ilisema vimenywe na watu wengine.

*

Saa nane mchana Bwana Duxbury aliingia kwa mlango wa nyuma. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa hosteli, mzee wa miaka sitini na minane mwenye nyusi kama brashi, na alikuwa hapendi barua pepe, hapendi simu, na hapendi watu kuweka buti kwenye rejeta za kupashia vyumba joto. Kukodi hosteli yake kulikuwa na njia moja tu. Jumamosi ya wikendi yako, saa tisa, kabla ya chai, unakwenda mezani kwake, anafungua daftari kubwa lenye jalada la kijani, anaandika jina lako kwenye wikendi ya mwaka ujao. Usipokwenda, saa kumi anaanza kupokea wengine, na wengine walikuwa wengi: makwaya, waendesha baiskeli, watu wa kutazama ndege.

Miaka tisa mfululizo aliyekwenda mezani alikuwa Rowena. Toby alikuwa ameandaa ajenda ya kumrithi: ufunguo wa kabati la kundi kwa Callum, orodha ya wanachama kwa Saskia, sanduku la huduma ya kwanza kwa mtu wa tatu. Ilikuwa ajenda nzuri, ya kurasa mbili, yenye rangi. Daftari la kijani halikuwemo. Hakuna aliyejua kuwa kuna daftari. Walidhani Keldbeck hutokea kila Februari kama theluji.

"Wenzako wako wapi?" Bwana Duxbury akauliza.

"Mlimani."

"Na wewe unamenya viazi peke yako? Wamekuadhibu, binti?"

Rowena akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Wameniheshimu, Bwana Duxbury."

"Mbona sura yako haifanani na ya mtu aliyeheshimiwa."

Akamweleza, kwa maneno machache, huku maganda yakianguka kwenye ndoo. Mzee alisikiliza akiwa amesimama. Rowena alipofika kwenye sheria ya arobaini, zile nyusi zilipanda.

"Arobaini? Hicho ni kitu gani? Mimi arobaini nilikuwa sijaanza hata kuishi hapa. Nilikuwa nauza mazulia." Akakuna shingo. "Hebu njoo mezani. Saa tisa inakaribia, na sipendi kuchelewa."

Ofisi ya msimamizi ilikuwa chumba kidogo kilichonuka mafuta ya taa na sufu ya kondoo. Akafungua daftari. Februari ya mwaka ujao ilikuwa tupu mahali pake, mstari mmoja mweupe kati ya kwaya na watu wa ndege. Akalamba ncha ya kalamu kama alivyofanya siku zote.

"Vijana Wenye Taaluma, Leeds," akasema, akianza kuandika herufi ya kwanza.

"Subiri," Rowena akasema.

Kalamu ikasimama. Nje mvua ilikuwa inagonga mapipa. Rowena aliutazama ule mstari mweupe. Angeweza kuondoka, na mstari ukaenda kwa watu wa kutazama ndege, na Toby asingejua hadi Januari. Hilo lingekuwa kisasi, na kisasi kingemwachia nini? Wikendi yenye ndege. Angeweza pia kuandikisha kundi, kama alivyofanya kila mwaka, akawaachia kila kitu mezani kimepangwa, kisha akapita chini ya mikono yao akiwa na ndala za waridi. Hilo ndilo walilolitarajia. Hata yeye, hadi jana jioni, ndilo alilotarajia kwake mwenyewe.

"Andika Thackray," akasema.

"Sio kundi?"

"Thackray. Rowena Thackray, Leeds."

"Vitanda vingapi?"

"Viko ishirini na vinne?"

"Ishirini na vinne, na kile cha kukunja."

"Vyote."

Bwana Duxbury alimwangalia juu ya miwani. "Na watakaokuja ni akina nani?"

"Sijui bado," Rowena akasema. "Labda nitalala kila kitanda saa moja."

Mzee akaandika. Akaweka nukta mwishoni, ya kukandamiza. "Kundi lako likija kuuliza, nimebakiwa na wikendi moja. Novemba, ya pili. Mwaka jana bonde lote lilijaa maji wikendi hiyo. Bata waliingia hadi kwenye korido."

"Nitawaambia. Sitaki wakose."

*

Jumapili asubuhi palikuwa na soseji, maharage, mkate wa kubanika, na keki ya tangawizi yenye namba arobaini iliyochorwa kwa sukari. Walimwimbia. Rowena alizima mishumaa, akala soseji mbili, akanywa chai. Kisha Toby akasimama na kitambaa cheupe kwenye mkono mmoja na kalamu ya wino mzito kwenye mwingine.

"Wanachama wapendwa," akaanza.

"Toby, nisamehe," Rowena akasema, akainuka. "Kaa kidogo. Nina maneno manne."

Watu wakatulia, walidhani ni maneno ya kuaga. Saskia, yule mgeni, alishika leso tayari.

"Kitambaa sitakiandika," Rowena akasema. "Kaushieni vyombo. Sheria hii niliileta mimi, nikapigiwa makofi, na ilikuwa na sababu. Ile sababu ilishaondoka zamani pamoja na wale wanaume wawili, sheria ikabaki kutoa watu ambao hawajamkosea mtu. Nimewatoa kumi na mmoja kwa mkono wangu. Kwa hilo naona aibu, na aibu hiyo sitaimaliza kwa kujitoa na mimi kimya kimya. Kundi ni lenu, na sheria ni yenu, siwezi kuwalazimisha. Lakini Keldbeck ya Februari ijayo nimeikodi jana, kwa jina langu, vitanda vyote. Sitamuuliza mtu umri. Atakayetaka kuja atachagua kazi."

Alikwenda kwenye jokofu. Akaondoa sumaku za kondoo, akaigeuza ratiba upande mweupe, akaibandika tena. Upande huo alikuwa ameandika alfajiri, kwa maandishi yake ya kikatibu: viazi, vitunguu, vyombo, kufagia, vyoo. Mbele ya kila kazi palikuwa na nafasi tupu.

Hapakuwa na makofi. Mtu aliangusha uma. Callum akasema kwa mshangao wa kweli, "Kumbe Keldbeck inakodiwa?"

"Ulidhani inaota?" Meera akasema.

Toby alikuwa amewiva shingo hadi masikioni. "Ro, hii ni wikendi yetu. Umetuibia wikendi yetu."

"Nimechukua iliyokuwa wazi. Saa tisa jana ungekuwa mezani kwa Bwana Duxbury, ungeipata wewe."

"Ningejuaje? Hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Uliniambia nikae, ninyooshe miguu." Akamtazama bila hasira. "Amebakiwa na Novemba, ya pili. Nimemwomba asimpe mtu mpaka mchana. Chukueni buti za mpira."

Watu wawili wakacheka, wakajizuia. Karatasi ilikaa kwenye jokofu, na hakuna aliyeisogelea. Rowena aliiona hiyo, kila mtu akiangalia sahani yake. Lakini hakuketi.

"Sawa," Toby akasema, akijikusanya. "Sawa. Hayo tutayazungumza kwenye kamati. Lakini desturi ni desturi. Tumpitishe kwanza. Nje, jamani, wote."

Wakatoka. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, yale ya kulowesha bila kelele. Wakajipanga safu mbili kutoka mlangoni hadi kwenye geti, kumi na mmoja huku na kumi na mmoja huku, wakainua mikono. Mtu akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini. Rowena akatoka na buti zake, bila mkoba. Akaziangalia zile safu. Akashuka ngazi, akazunguka kwa nje, nyuma ya migongo yao, hadi kwenye geti, akasimama mwisho wa safu ya kushoto. Akainua mikono juu kama wao.

Wimbo ukafa.

"Ro," Toby akaita kutoka upande wa pili. "Unatakiwa upite katikati."

"Nimeshapata nafasi yangu hapa. Asante."

"Sasa nani apite?"

"Yeyote anayetaka kwenda nyumbani."

Wakabaki hivyo. Mvua iliwaingia kwenye mikono ya makoti na kuteremka hadi kwapani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha mikono, na hakuna aliyejua inashushwaje wakati hakuna aliyepita. Dakika moja. Mbili. Callum akaanza kutetemeka mabega. "Mkono unaniuma," akanong'ona, na mwenzake akamjibu, "Nyamaza, fikiria kitu kingine."

Ndipo Bwana Duxbury akatokea kwenye kona akisukuma pipa la taka la magurudumu, maana gari la taka hupita Jumatatu alfajiri. Alisimama mwanzoni mwa safu, akawatazama, akatazama mikono yao. Kisha akashika pipa vizuri akapita katikati, taratibu, kwa heshima zote, magurudumu yakigonga mawe, hadi akavuka geti. Saskia ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka kwa kishindo, kikapita safu nzima kama moto kwenye nyasi kavu, na wote wakampigia mzee makofi, na mikono ikashuka.

"Asanteni sana," Bwana Duxbury akasema. "Miaka ishirini nalitoa pipa hili, sijawahi kushangiliwa."

*

Walipoingia ndani kufunga mizigo, Rowena alibaki nje. Simu Keldbeck hushika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe kando ya geti ambalo zamani watu walilitumia kupandia farasi. Akapanda juu yake. Namba alikuwa bado anayo. Jina alilifuta kwenye orodha ya kundi, kwenye simu hakuweza.

"Nani?"

"Rowena, Geraint. Rowena Thackray."

Nyuma ya sauti ya Geraint ilisikika redio na mbwa. "Nilidhani umekufa," Geraint akasema.

"Bado. Nimetimiza arobaini leo."

"Aha." Akacheka kidogo, kicheko chenye makali. "Wamekupitisha?"

"Walijaribu. Limepita pipa la taka."

"Wewe ndiye uliyeniimbia kwa sauti kuliko wote, unakumbuka? Nilikusikia mpaka nafika barabarani. Nikasema, yule niliyempa kisu."

"Nakumbuka. Ndiyo sababu napiga." Akavuta pumzi, mvua ilikuwa inamwingia shingoni. "Nilikukosea, Geraint. Sikukutafuta hata siku moja. Si kwamba nilisahau. Niliogopa kukuona, kwa sababu ningejiona. Huhitaji kunijibu hilo. Lakini nimekodi Keldbeck Februari, vitanda vyote, na sina mtu hata mmoja. Nilitaka uwe wa kwanza kuulizwa, hata ukikataa."

Mbwa alibweka, akanyamazishwa. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi wewe ni kichaa." Akaipunguza redio. "Kazi gani zimebaki?"

"Zote."

"Niandikie vyoo, nisije nikalalamikiwa kwamba nimekuja kupumzika. Lakini nataka kitanda cha chini. Mimi ni mzee wa miaka arobaini na mitatu."

Aliposhuka kwenye jiwe alikuwa amelowa kabisa. Jikoni palikuwa patupu, watu wako vyumbani wanavuta mashuka. Akaisogelea karatasi kwenye jokofu na kalamu mkononi, na alikuwa ameshaanza kutafuta mstari wa vyoo alipoona haikuwa tupu tena. Kwenye vitunguu, kwa mwandiko wa mwanasheria, uliolala upande mmoja: Meera S. Kwenye viazi: Saskia, na chini yake, kwa herufi ndogo, "kama inaruhusiwa". Kwenye vyombo palikuwa na jina lililoandikwa, likakatwa, likaandikwa tena.

Watatu, na Geraint wanne, na yeye watano. Vitanda kumi na tisa vilibaki, na kile cha kukunja.

"Ro." Toby alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani. Aliangalia karatasi, akaangalia pembeni. "Nimechukua ile ya Novemba."

"Vizuri. Bata ni wapole."

Hakucheka. "Na mtu akitaka kuja zote mbili?" akauliza. "Nasema tu mtu."

"Mtu aje achague kazi. Kufagia bado kuko wazi."

Toby alisimama kidogo, kama anayefikiria, kisha akaaga akatoka. Hakuandika kitu. Rowena hakumwita. Aliandika jina la Geraint kwenye vyoo, akalikandamiza kwa nukta kama Bwana Duxbury, akaiacha karatasi mpaka watu wamalize kupita. Halafu akachukua ufagio nyuma ya mlango akapanda ghorofani, kwa kuwa chumba namba tano kilikuwa kimefagiwa katikati tu. Alipofika akaufunga mlango kwa goti, ukafungika kwa pigo moja.